Rufaa Iambatane na Nauli

Mwanamke wa Sigunga au wa Buhingu, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma mjini, apatapo saratani ya mlango wa kizazi, aghalabu humaliza umri wake si kwa ukali wa maradhi peke yake, bali kwa masafa na ufukara, ambavyo hakuna tabibu awezaye kuviandikia dawa.

Saratani hiyo, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa, na dalili zake za awali hutambulikana kwa kupaka siki tu, kazi iwezayo kufanywa na muuguzi wa zahanati aliyefunzwa; na chanjo ya kuikinga hutolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Lakini aliyechelewa hupewa rufaa akatafute mionzi katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ama Ocean Road, Dar es Salaam, mwisho wa reli ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma.

Huko, husemwa, matibabu ni bure. Na yawe bure. Nani basi atakayelipa nauli, na malazi ya wiki kadhaa za mionzi, na chakula cha msindikizaji? Tajiri wa Kigoma mjini atauza kiwanja apande ndege, ilhali mke wa mvuvi atangoja kwanza mumewe aridhie, kisha wangoje giza la mwezi ili dagaa wavuliwe, wakaushwe, wauzwe. Na uvimbe haungoji.

Wako wanaowalaumu watu hawa kwa kukimbilia waganga. Insafu yataka tukiri kwamba mganga yu karibu, huzungumza Kiha, na hukubali kulipwa kidogo kidogo. Mwenye kumshinda na amshinde kwa sifa hizo hizo.

Kwa hiyo boti ya upimaji na izungukie mialo nyakati za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, ili waume nao wasikie na waridhie papo hapo. Kila rufaa iandikwayo hospitali ya Maweni, Kigoma, iambatane na nauli na mahali pa kulala, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa kuhesabu safari kuwa sehemu ya tiba. Madiwani wetu, kuanzia Ujiji hadi Uvinza, na waulizwe katika kikao kijacho cha bajeti: fungu la nauli za wagonjwa li wapi, na ni kiasi gani?