Mdhibiti Aliyelala Naye Ana Kesi ya Kujibu

Ipo imani iliyoota mizizi kuanzia vibarazani hadi bungeni: sumu ikitoka kiwandani, wa kushtakiwa ni mwenye kiwanda peke yake. Mamlaka iliyopewa kazi ya kuweka masharti na kuyasimamia italaumiwa magazetini, itaundiwa kamati, basi. Eti haikumwaga sumu, kwa hiyo haina kosa.

Imani hiyo ni potofu, na waliothibitisha hivyo mahakamani ni wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa.

Mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukuta kwa ukuta na mtaa huo wa mabanda. Moshi wake uliingia majumbani, maji yake machafu yakapita walimopita watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliuguliwa na mwanawe mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima, na madhara yake kwenye ubongo hayafutiki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kwa miaka yote hiyo saba NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilikuwepo, ikiwa na sheria ya mwaka 1999 mkononi.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi wapatao 3,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mzigo mkubwa kuliko wote, asilimia 40, ulitwikwa NEMA, kuwashinda hata wenye kiwanda. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha.

Wapo wanaosema kuishtaki serikali ni kumkamua mlipa kodi. Hoja hiyo inasahau kwamba bili ilishalipwa zamani, na waliolipa ni kina mama walioharibikiwa mimba na wazazi waliozika watoto. Kinachobishaniwa ni kama mtaa mmoja maskini uendelee kubeba peke yake uzembe wa chombo cha taifa zima.

Wala si lazima kusubiri mazishi. Nchini Marekani, mamlaka ya mazingira, EPA, ilikubali mwaka 2009 ombi la kupitia upya kiwango cha vumbi la risasi linalotokana na rangi za nyumba, kisha ikakaa kimya miaka minane. Wanaharakati walikwenda mahakamani. Desemba 2017 majaji wa rufaa waliipa siku 90 kutoa pendekezo, na mwaka 2019 kiwango kinachoruhusiwa sakafuni kikashushwa kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa futi ya mraba. Kilichoiamsha EPA ni amri ya jaji.

Wakenya wanayo silaha hiyo hiyo. Kifungu cha 70 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapotishiwa, bila kuhitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Anayeishi leo chini ya bomba la moshi asingoje mtoto wake augue ndipo akitumie.