Namba ya gari la zamani ni jezi yake, isiuzwe

SHABIKI wa Simba aliyetunza jezi ya mwaka 1993, timu ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, hawezi kuibadilisha na mpya ya dukani. Imepauka, imetoboka, lakini ndiyo yenyewe.

Wapenzi wa magari ya zamani nao wana jezi yao. Ni kibao cha namba.

Mfano mzuri unatoka kwenye soka. Aprili 19, 1970, magari 96 yaliondoka Uwanja wa Wembley, London, kwenda Mexico City kulikokuwa kunasubiriwa Kombe la Dunia. Yalikatiza Ulaya hadi Lisbon, yakavushwa kwa meli hadi Rio de Janeiro, kisha yakaikabili milima ya Amerika Kusini. Zaidi ya kilomita 25,000! Mei 27 mbio zilipomalizika, yalikuwa yamebaki 23 tu.

Walioshinda ni Hannu Mikkola wa Finland na msoma ramani wake, Gunnar Palm wa Sweden, ndani ya Ford Escort. Ndio hao hao waliokuja kubeba Safari Rally ya 1972, wageni wa kwanza kufanya hivyo. Escort nyingine ilimaliza ya sita, na ndani yake alikuwemo Jimmy Greaves, yule straika wa England aliyeikosa fainali ya 1966.

Escort ya Mikkola ilivaa FEV 1H. Anayezijua namba za Uingereza haambiwi kitu: EV ni Essex, nyumbani kwa Ford, H ni gari lililosajiliwa kati ya Agosti 1969 na Julai 1970. Ford bado inalo gari hilo, na namba ni ile ile. Ibandue, itabaki Escort kama Escort nyingine.

Waingereza wanastahili pongezi kwa jambo moja. Gari lililotengenezwa kabla ya Januari 1, 1980 na kusajiliwa kama la kihistoria linaruhusiwa kuvaa kibao cheusi cha kizamani, badala ya cheupe mbele na cha njano nyuma. Gari jipya haliruhusiwi, na ni sawa kabisa. Kibao cheusi kwenye gari la juzi ni sawa na kujishonea nyota ya ubingwa wakati kabati halina kombe hata moja.

Kasoro ipo kwenye namba yenyewe. Mwenye gari anaweza kuing'oa namba ya asili na kuiuza, gari likapewa nyingine inayolingana na umri wake. Na fedha zipo: mwaka 2014 namba 25 O, namba tu bila gari, ilinunuliwa kwenye mnada wa serikali kwa pauni 518,000. Kwa bei za namna hiyo, mwenye gari bovu lenye namba fupi atauza namba kwanza, gari atajua baadaye.

Wanaotetea biashara hiyo wanasema gari ni mali ya mtu, na kulifufua ni gharama. Kweli, injini haitengenezwi kwa maneno. Lakini klabu yenye njaa huuza straika, haiuzi kombe lililoko kabatini.

Dawa ipo tayari. Huko huko Uingereza, gari la zamani lililopoteza namba yake linaweza kurudishiwa kwa ushahidi wa nyaraka, kwa sharti kwamba namba hiyo haihamishwi tena. Sharti hilo lihusu magari yote ya kihistoria, si yale tu yaliyopotezewa namba. Mwenye gari abaki huru kuliuza akitaka, ila liondoke na namba yake.

Waliokuja baada ya 1970 hawakumuona Mikkola akiingia Mexico City. Walichobakiwa nacho ni gari na jezi yake. Vikitenganishwa kwa ajili ya pauni, hakuna mnada utakaovirudisha pamoja.