Bawasiri: Acheni Wembe, Ombeni Rufaa



Nikipita nyumba kwa nyumba naulizwa habari za malaria, kuhara na vyandarua. Bawasiri, ambayo wengine huiita kikundu, haitajwi mpaka niage. Hapo mwenye nyumba hunisindikiza hadi njiani, hutazama chini, ndipo husema. Mzee wa mwisho kunisindikiza alikuwa amevuja damu miezi minane, na alikwisha kuuza mafuta na maharagwe ya mgao ili amlipe mtu wa sokoni amkate kwa wembe. Sasa njia imeota kovu na kubana. Akienda chooni analia kama mtoto.

Nasema wazi: wembe ule ni hatari kuliko bawasiri yenyewe. Unaweza kukupa UKIMWI au homa ya ini, na zile dawa za kuchoma huacha vidonda. Lakini siwalaumu waliokwenda kule. Wanaogopa hospitali kwa kudhani ni lazima kisu, dawa ya usingizi na kulala wodini huku nyumba haina mtu.

Kwa wengi si hivyo. Iko njia ya kufunga kwa mpira, ambayo daktari James Barron wa Marekani aliieleza mwaka 1963. Daktari huingiza kifaa kama bomba fupi, huuona uvimbe wa ndani na kuuvisha mpira mdogo shinani. Damu haiufikii tena, nao hunyauka na kudondoka baada ya siku chache, mara nyingi kabla ya siku kumi. Aliyeona ndama akihasiwa kwa mpira ataelewa upesi. Mpira hufungwa mahali pasipo na hisia kali, kwa hiyo hulazwi usingizi, na jioni unalala kwako. Siku moja mbili utajisikia kama una haja, na damu kidogo inaweza kutoka. Wengine hurudia baada ya wiki kadhaa. Ukipata homa, maumivu yakizidi au mkojo ukikataa kutoka, rudi siku hiyo hiyo.

Mpira haufai kwa uvimbe wa nje, wala ule uliotoka na kukataa kurudi. Huo huenda ukahitaji upasuaji.

Tena si kila damu ni bawasiri. Wanaoshuka ziwani upande wa Wanyange kuoga, kuvua na kufua wajue kuwa kichocho cha tumbo nacho huleta damu chooni, na dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli. Saratani ya utumbo mpana pia huweza kuanza hivyo. Ukikonda, au choo kikibadilika bila sababu, usikubali kuambiwa "ni bawasiri tu" na mtu ambaye hata hajakupima.

Hapa nina neno kwa wakubwa wetu. Kituo kimoja nilichohudumu, kitanda cha kupimia kilitazamana na foleni, katikati pazia la nailoni. Nani atavua nguo pale? Akina mama waliojifungua juzi wanateseka sana na ugonjwa huu, nao hunyamaza. Naomba siku moja kwa wiki, mlango ufungwe, na mwanamke apimwe na mwanamke.

Na vyoo navyo. Kipimo kinachokubalika ni choo kimoja kwa watu 20. Foleni ikiwa ndefu, au usiku ukiwa wa hatari, mtu hubana haja. Choo hukauka, anakamua kwa nguvu, na uvimbe hutokea hapo. Kumwambia mtu huyo ale matunda, wakati mgao ni posho na maharagwe, ni kumchezea. Heri tumwambie asiuze maharagwe yote, apande dodo karibu na maji ya kuogea, anywe maji zaidi na asikae chooni muda mrefu.

Rufaa huandikwa kituoni. Hospitali za rufaa za mkoa huku kwetu ni Jinja na Mbale. Mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake, isipokuwa wodi za kulipia. Kabla ya kusafiri, mwombe mganga wa kituo aulize kama mpira unafungwa huko, na ni siku gani. Ukiona aibu kusema mbele ya foleni, nisindikize njiani uniambie. Nitakwenda nawe hadi kwa mganga.