Mali Bila Daftari: Kwa Nini Mtu Asome Hisabati?

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mmoja wetu aijua, na aghalabu huitamka amwonapo mwenye duka amefilisika. Lakini ni wangapi kati yetu waliokaa chini na watoto wao wakawaonyesha jinsi hilo daftari linavyoandikwa? Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Ndugu msomaji, mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu. Kila mmoja wao alitakiwa achague mkondo mmoja katika mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Hapo awali ilikuwa imepangwa kwamba hisabati iwe ya lazima kwa wale wa mkondo wa sayansi tu, na wengine wakitaka waiache. Watu wakanung'unika, na mwezi wa Aprili 2025 serikali ikatangaza kuwa hisabati itasomwa na wote: wa sayansi wasome ile nzito, na wengine wasome nyepesi, ya kumfaa mtu katika maisha ya kila siku.

Barazani kwetu, kahawa ikipita, habari hiyo iliwagawanya watu. Mmoja alisema, "Mwanangu ana sauti ya kusoma kasida, hizo hesabu za nini?" Mwingine akajibu kwamba bila hesabu hapana kazi bandarini wala benki. Nilisikiliza hadi vikombe vikakauka. Nikaona pande zote mbili zimeliruka swali lililo la kwanza: hasa ni kitu gani kimfanyacho mtu achague hisabati, na ni kitu gani kimfanyacho aikimbie?

Nijuavyo mimi, sababu za kuichagua ni nne.

Ya kwanza ni riziki, na hapana aibu katika hilo. Mhandisi, mhasibu, rubani, mtengeneza programu za kompyuta, wote huingilia mlango huo. Mzazi amwambiaye mwanawe asome hesabu ili apate kazi hakusema uongo. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 15 haioni hiyo kazi. Aionayo ni hesabu iliyo ubaoni. Ahadi ya mkate wa kesho haimtoshi mwenye dhiki ya leo.

Ya pili ni sifa. G. H. Hardy, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa fani hii, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1940 kwamba utotoni hakuwa na mapenzi makubwa na hisabati. Alitaka kuwashinda wavulana wenziwe katika mitihani, na akaona hiyo ndiyo njia ya kuwashinda. Mapenzi yalikuja baadaye. Basi tusiwacheke watoto washindanao. Mashindano humwingiza mtu chomboni, ingawa siyo yamfikishayo bandarini.

Ya tatu ni utamu wenyewe. Maryam Mirzakhani, binti wa Tehran, utotoni alitaka kuwa mwandishi wa hadithi. Katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati, mwalimu wake wa hisabati hakumwona kuwa na kipawa, naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyempa moyo, na mambo yakabadilika. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Nishani ya Fields, iliyo katika tuzo kubwa kabisa za hisabati. Alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 40. Hebu fikiria lau angeachwa achague mkondo wake katika ule mwaka wa mwalimu wa kwanza!

Ya nne ni haja ya watu, na hii ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliandika karne ya 9 kile kitabu kilichoipa dunia neno "aljebra". Katika dibaji yake alieleza kwamba anaandika yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Yaani mtoto wa leo aisomaye aljebra akadhani ni mateso yaliyoletwa na Wazungu, anasoma elimu iliyoandikwa kwa ajili ya wajane na mayatima wa Kiislamu.

Hapo ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa jambo hili nimeliona kwa macho.

Miaka mingi iliyopita alifariki jirani yetu, Mola amrehemu. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi na kulipa madeni, zilibaki shilingi 400,000. Mzee mmoja wa ukoo, mtu wa heshima na wa safu ya mbele msikitini, akashika ugawaji. Akatoa thumuni ya mke, shilingi 50,000, na hapo alisibu. Zikabaki 350,000. Akazigawa kwa watatu, likaja fungu la kama 116,667. Kisha akasema, "Binti hupata nusu ya mwanamume," akampa binti nusu ya fungu hilo, yaani kama 58,333, na iliyobaki wakagawana nduguze.

Hakuna aliyesema neno. Maneno ya mzee yalikuwa ya dini, na hesabu ilionekana nzuri. Mimi pia nilikuwapo nikaitikia.

Siku nyingi baadaye nilikaa na penseli nikaipitia upya, na moyo ukanishuka. Mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke moja, basi wana wawili na binti mmoja ni mafungu matano, si matatu. Gawa 350,000 kwa tano upate 70,000: hilo ndilo la binti, na kila kaka apate 140,000. Ukitaka kuipanga kama wafanyavyo wenye ilimu ya faraidhi, mali yote iweke katika mafungu 40: mama 5, binti 7, kila kaka 14. Jumlisha uone. Basi yule binti alipunjwa shilingi 11,667 kasoro kidogo, na aliyempunja hakuiba hata senti moja. Hakujua kugawa tu.

Kweli Mahakama ya Kadhi ipo, na Katiba ya 2010 imeipa kazi hiyo ya mirathi yetu. Lakini mali ngapi hugawanywa sebuleni, kabla ya kufika kwa Kadhi? Na katika sebule hiyo, ni nani mwenye penseli?

Si hayo tu. Siku hizi mikopo imo ndani ya simu, na kijana huikopa akiwa amelala kitandani. Hukumu ya riba sote twaijua, wala si haja ya kuirudia hapa. Ila tazama jinsi asiyejua hesabu anavyotumbukia mara mbili. Tuseme amekopa shilingi 1,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, na kila mwezi nyongeza inaingizwa ndani ya deni. Muulize baada ya mwaka atadaiwa ngapi. Wengi watasema 2,200. Jibu ni kama 3,138, kwa sababu nyongeza nayo huzaa nyongeza. Imamu akikataza kwa dalili za Kitabu, na mwalimu akaonyesha kwa tarakimu, kijana huyo atasikia kwa masikio mawili.

Sasa niseme kwa nini watu huikimbia. Mimi mwenyewe niliikimbia. Katika shule niliyosoma, hesabu ilifundishwa kwa fimbo. Ukikosa moja, kiboko kimoja. Nikajifunza kuogopa kabla sijajifunza kugawa. Nikakimbilia ushairi, nikidhani huko hakuna hesabu.

Kumbe nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto, ila moto huu ulinipendeza! Maana shairi letu ni nini ila hesabu? Mizani 8 mbele ya kituo na 8 nyuma yake, mishororo minne, jumla mizani 64, na ikipungua moja tu hata bibi kizee asiyejua kusoma atakwambia, "Hapo pamechechemea." Na tazama bao letu la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Wazee wakaao chini ya mwembe wakipanga kete huhesabu mitaji kadhaa mbele kabla mkono haujaondoka shimoni. Wote hao wakiulizwa watasema hesabu hawaijui. Hata kibla chetu ni funzo. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, basi sisi huelekea kaskazini tukawa tumefika. Ndiyo maana kwa Waswahili neno kibla na neno kaskazini huenda pamoja. Wenzetu wa mbali hawakupata wepesi huo. Al-Biruni, karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kupimia mahali pa miji, ili ajue watu wa Ghazna waelekee wapi katika sala.

Basi sikubaliani na wasemao kwamba watoto wa pwani hawana kichwa cha hesabu. Kichwa wanacho, kilichokatika ni kamba baina ya hesabu ya barazani na hesabu ya ubaoni. Wala sikubaliani kabisa na wale wanaodhani kuilazimisha kwatosha. Mtoto aliyelazimishwa huku anaogopa atakaa darasani miaka mitatu akitoka na woga uleule. Serikali imefanya vyema kuirudisha kwa wote, lakini lazima ni mlango tu. Wa kumkaribisha mgeni ndani ni mwalimu na mzazi.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka hesabu pamoja na utabibu katika elimu zilizo fardhi kifaya, kwa kuwa watu hawawezi kuendesha biashara wala kugawa wasia na mirathi bila yake. Fardhi kifaya, kama tulivyofunzwa chuoni, wakiitimiza baadhi wengine husameheka. Wakiiacha wote, mji mzima una dhambi. Tuliisoma hiyo kwa ajili ya sala ya maiti. Tumesahau kwamba yahusu pia kugawa alichokiacha maiti.

Ushauri wangu ni mchache. Walimu wa vyuo na madrasa, pale mfunzapo faraidhi, mpeni mtoto karatasi agawe mwenyewe, msimpe majibu ya kukariri. Wazazi, msiseme mbele ya binti kwamba hesabu ni ya wavulana; mwajua sasa ni nani hupunjwa hesabu ikikosewa. Na wewe kijana, ukichagua sanaa chagua kwa kuipenda, usichague kwa kuwa umekimbia namba. Chaguo lililofanywa kwa woga si chaguo.

Nami nakuaga kwa ubeti mmoja. Uhesabu, uone kama umetimia:

Mwanangu nipe sikio, nikwambie la hesabu,
Sikimbie kwa kilio, ukaogopa adhabu,
Ndiyo mizani, pimio, la mirathi na nasabu,
Asojua mgawio, hudhulumu wa karibu.