Si Kila Muwasho ni UTI

Wasee, tuambiane ukweli. Kwa hii Nairobi, msichana akianza kuwashwa huko chini, beste yake ashajua: "Hiyo ni UTI." Anaenda kwa kemisti, ananong'ona juu kuna foleni nyuma yake, anapewa vidonge. Hakuna swali, hakuna kipimo. Huo ni mchezo wa pata potea, na anayepoteza ni yeye.

Skizeni. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: unaenda choo kila saa na unachomeka ukikojoa. Kuwashwa na uchafu mzito mweupe kama mala iliyoganda, mara nyingi ni kandida, yaani fangasi. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki unaelekea kuwa BV: bakteria wa kawaida wa uke wamepoteza usawa. Wa kijani au njano wenye povu unaweza kuwa trikomona, kimelea cha zinaa. Na hata hizo dalili hufanana, kwa hivyo usijipime kwa macho.

Dawa ya fangasi haitibu BV. Antibayotiki nazo haziui fangasi. Ukizimeza ovyo zinaua bakteria wazuri, fangasi inapata nafasi. Ndio maana unamaliza dozi na mwezi ujao uko pale pale dirishani.

Halafu kuna zile za kimya. Klamidia na kisonono, wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Zinapanda hadi kwenye mirija ya uzazi, zinaacha makovu, na unakuja kujua siku unatafuta mtoto. Si ajabu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kupima maabara pale inapowezekana, badala ya kutibu kwa kukisia dalili.

"Lakini vipimo ni bei!" Cha klamidia, kweli, kinauma mfuko. Lakini kuangalia uchafu kwa darubini kunahitaji kijiti cha pamba, kioo, maji ya chumvi na mtu wa maabara anayejua kazi. Ukinunua dawa isiyo yako mara tatu, umelipa mara tatu na bado unajikuna. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imetaja afya ya uzazi kama haki yetu. Kama zahanati ya mtaa wako haina darubini, muulize MCA wako sasa, sio wakati wa kura.

Nesi anayeuliza "Umeolewa?" kabla ya "Unaumwa wapi?" ndiye anayewarudisha wasichana kwa kemisti. Na nyinyi maboyz, "niko fiti" si kipimo. Unaweza kubeba klamidia au trikomona bila kusikia chochote. Dem akitibiwa na wewe ukatae, unamrudishia ugonjwa, kisha unamwita mchafu.

Kwa hivyo madem: kabla ya kuenda, usijioshe ndani wala kuweka dawa yoyote, utaharibu kipimo. Ukifika sema tu, "Naomba kupimwa kwanza." Ukiwa na maumivu chini ya tumbo pamoja na homa, au una mimba, enda leo. Ukitoka damu baada ya ngono, mlango wa kizazi uangaliwe pia. Aibu haijawahi kutibu mtu.