Je, Ajali Haina Kinga?

Kuna neno lisemwalo matangani kila mara chombo kizamapo: "Ajali haina kinga." Likiisha kusemwa, watu huinamisha vichwa, na shauri limekwisha. Sisi twalipinga neno hilo, na kwa kulipinga twataka kuwasimulia habari za merikebu ya mbao iliyozama mbali na kwetu, katika ziwa Michigan huko Marekani, ambalo ukubwa wake wakaribia ule wa Nyanza yetu ya Victoria.

Merikebu hiyo iliitwa Lady Elgin, kwa jina la mke wa Gavana Mkuu wa Kanada. Iliundwa Buffalo mwaka 1851; ilikwenda kwa moshi, ikisukumwa na magurudumu makubwa ubavuni, na urefu wake ulipita futi 250. Usiku wa tarehe 7 Septemba 1860 ilitoka Chicago kurudi Milwaukee, imejaa watu wa asili ya Ireland waliokuwa wamekwenda kutembea. Matembezi yao yalikuwa na sababu. Gavana wa Wisconsin alikuwa ameikataa sheria ya kuwarudisha kwa mabwana zao watumwa waliotoroka, naye alitaka kujua vikosi vyake vitamtii nani. Garrett Barry, mkuu wa kikosi cha Union Guards, akajibu kwamba ataitii serikali kuu ya Marekani. Basi kikosi kikanyang'anywa silaha, nao wakaandaa safari hiyo ili wapate fedha za kununua bunduki nyingine.

Tulipoyasimulia hayo barazani, mzee wetu mmoja alisema, "Basi, waliadhibiwa kwa ajili ya watumwa." Tulimwambia kwa heshima kwamba sivyo. Merikebuni walikuwamo wanawake na watoto, na wasafiri wengine wasiohusika kabisa na ugomvi ule. Mwenye kuona hukumu ya Mungu katika kila maiti iliyotupwa ufukoni na ajihadhari, maana siku moja huenda ikatupwa ya mwanawe.

Hebu tutazame jinsi ilivyokuwa. Upepo ulivuma kwa nguvu, mvua ikanyesha, na Lady Elgin ikaenda taa zake zikiwaka, ndani muziki ukichezwa. Upande wa pili ulikuwa unakuja Augusta, chombo cha matanga kilichopakia mbao kwenda Chicago. Sheria ya siku zile iliilazimisha merikebu ya moshi kuwasha taa za safari. Chombo cha matanga hakikulazimishwa. Mabaharia wa Augusta waliziona taa za mwenzao mapema, lakini amri ya kugeuza usukani ilitolewa wakati umekwisha. Kiasi cha saa nane na nusu usiku Augusta ikaupiga ubavu wa kushoto wa Lady Elgin, ikautoboa. Nahodha Malott, akiogopa kwamba chombo chake mwenyewe chaharibika, na akidhani kwamba merikebu ile haikudhurika sana, akashika njia ya Chicago.

Nahodha Wilson wa Lady Elgin aliamuru ng'ombe waliokuwamo watoswe majini ili merikebu iwe nyepesi. Haikufaa kitu. Kabla ya nusu saa kupita ilikuwa imevunjika na kuzama. Watu wakashika vipande vya mbao; mpiga ngoma mmoja aliokoka kwa kuielea ngoma yake kubwa. Kulipopambazuka waliiona nchi kavu, tena karibu, na hapo ndipo mawimbi yavunjikayo ufukoni yalipowapindua, wakafa wengi mbele ya macho ya watu waliokuja kuwasaidia. Kijana mmoja mwanafunzi wa dini, Edward Spencer, aliingia majini mara kwa mara, akawatoa watu 17. Waliokufa walikuwa kiasi cha 300. Hesabu yenyewe haijulikani, kwa kuwa orodha ya abiria ilizama pia. Na sisi wa Nyanza twajua uchungu huo, maana hata MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hesabu kamili ya waliokuwamo haikupatikana.

Sasa twawauliza wenye kusema ajali haina kinga: tufani ile, naam, hakuna awezaye kuizuia. Lakini taa? Nahodha Malott hakutiwa hatiani, kwa sababu sheria haikumdai taa. Mwaka 1864 sheria ikageuzwa, na vyombo vya matanga navyo vikalazimishwa kuwasha taa. Kama ajali haina kinga, mbona walitunga sheria hiyo? Kinga ilikuwapo tangu mwanzo, nayo ni utambi na mafuta kidogo. Walingoja makaburi 300 ndipo waitambue. Augusta nayo ilipakwa rangi nyingine, ikapewa jina la Colonel Cook, ikaendelea kusafiri.

Wala tusijifanye kuwashangaa Wamarekani. Wiki iliyopita tulisimama ufukoni jua lilipokwisha kuchwa, tukahesabu mitumbwi iliyokuwa ikitoka kwenda kuvua. Ilikuwa saba. Taa zilikuwa mbili. Tulipowauliza vijana wa mtumbwi wa mwisho, mmoja wao, tuliyemfundisha sisi wenyewe kusoma, alicheka akasema, "Mwalimu, sisi twajuana hata gizani."