Nauli ya kwenda melini ipatanwe kabla mzigo haujapakiwa

KURASA za bei za soko huorodhesha mchele, maharage, dagaa, sukari na saruji. Bidhaa moja haimo katika orodha hizo, ingawa wafanyabiashara wengi wa Mwanza huinunua mara kwa mara: safari fupi ya kutoka stendi au sokoni kwenda kwenye meli. Bei yake haiandikwi mahali. Haipimwi kwa kilo wala kwa debe. Hupanda na kushuka kwa kuangalia sura ya mnunuzi, ukubwa wa mzigo wake na dakika zilizobaki kabla ya meli kung'oa nanga.

Mkuyuni ndipo mahali pazuri pa kulitazama soko hilo. Mabasi ya kutoka Shinyanga, Tabora, Dodoma na Dar es Salaam hushusha abiria stendi ya Nyegezi, na anayetoka Nyegezi kwa barabara ya Kenyatta kwenda mjini hupita Mkuyuni. Jioni hapo pana foleni ya malori, daladala, bajaji na watembea kwa miguu wanaotoka sokoni. Meli ya kwenda Bukoba kwa desturi husafiri usiku na kufika asubuhi. Kwa hiyo saa ambayo abiria ana haraka kuliko zote ndiyo saa ambayo barabara imeziba kuliko zote.

Katika soko lolote, mwenye haraka ndiye anayelipa zaidi. Mwenye duka akijua kwamba mteja hawezi kwenda duka la pili, hapunguzi. Dereva wa teksi au bodaboda anayemwona mtu ameshika begi mkono mmoja na tiketi ya meli mkono wa pili hahitaji kuambiwa zaidi. Nauli iliyokuwa na maelewano saa kumi huwa haina maelewano saa mbili usiku.

Ujanja unaojirudia

Mbinu zinazowaumiza wasafiri si nyingi, na wenyeji wanazijua. Ya kwanza ni bei yenye maana mbili. Dereva anataja kiasi fulani, abiria anakubali, na wakifika getini inaelezwa kwamba bei ile ilikuwa ya kichwa kimoja, au ilikuwa ya mtu bila mzigo. Mfuko wa mchele na ndoo mbili za mafuta vinageuka kuwa abiria wapya.

Ya pili ni habari ya uongo kuhusu meli. Mgeni anaambiwa kwamba meli imekwishaondoka, au kwamba leo haipo, na hapo hapo anapewa suluhisho: nyumba ya wageni ya rafiki, au gari la usiku la jamaa. Anayesema hivyo hupata chochote kwa kila mteja anayempeleka huko. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kwenda hadi dirisha la tiketi na kuuliza mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Ya tatu ni ya chenji. Noti kubwa inatolewa, dereva anasema hana chenji, meli inapiga honi, abiria anaacha. Ya nne ni ya wapagazi wanaokamata begi kabla teksi haijasimama vizuri, kisha wanadai ujira ambao hakuna aliyeutaja. Mzigo ukishakuwa mikononi mwa mtu mwingine, mapatano hayapo tena. Kilichobaki ni kukomboa mali.

Chukua mfano wa mama anayepeleka bidhaa za dukani Bukoba na kutegemea faida ya shilingi 30,000 katika safari nzima. Akizidishiwa shilingi 5,000 Mkuyuni, 3,000 getini na 4,000 upande wa pili, amepoteza shilingi 12,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya faida, kabla hajauza hata kipande kimoja cha sabuni. Yeye hatasema ameibiwa. Atasema biashara ni ngumu. Na atapandisha bei ya sabuni.

Bandari si moja

Kosa jingine huanza kwa abiria mwenyewe. Anaingia kwenye gari na kusema, "Nipeleke bandarini." Mwanza hiyo si anwani. Ipo bandari ya Mwanza Kaskazini, karibu na katikati ya mji, inayojulikana zaidi kwa meli za abiria. Ipo Mwanza Kusini, upande wa Igogo na Mkuyuni, inayojulikana kwa shehena na kwa meli inayobeba mabehewa ya reli, MV Umoja. Kipo kivuko cha Kamanga kinachovusha watu na magari kwenda upande wa Sengerema. Upo na mwalo wa Kirumba, penye soko la dagaa na samaki na vyombo vya visiwani.

Mgeni aliyesikia kwamba meli mpya ya MV Mwanza iliundwa Mwanza Kusini na kushushwa majini hapo Februari 2023 anaweza kudhani kila meli ya abiria hupakilia huko. Dereva asiye mwaminifu hatamsahihisha. Atampeleka Kusini, amwache ashangae geti, kisha amtoze safari ya pili kwenda Kaskazini. Kwa hiyo jambo la kutaja kwanza si bei bali ni jina la chombo na jina la gati au kivuko. Bei inafuata.

Madereva nao wana hesabu

Si haki kuwaweka madereva wote katika kapu moja. Wengi wao hawamiliki magari wanayoendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na hesabu hiyo haisikilizi habari ya foleni ya Mkuyuni wala mvua. Mafuta nayo yana bei elekezi inayotangazwa na EWURA kila mwezi, na dereva huijua hadi shilingi ya mwisho. Gari likikaa kwenye foleni nusu saa huku injini inawaka, hasara ni yake.

Tatizo ni kwamba upande mmoja wa soko una bei iliyotangazwa na upande wa pili hauna. Dereva anajua anachonunua kituo cha mafuta. Abiria hajui anachonunua kijiweni. Daladala haina shida hiyo. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 na kuwa 600, na kila konda na kila abiria walijua. Ubishi ulikuwapo, lakini ulikuwa ubishi juu ya namba moja inayojulikana.

Ndiyo maana, kwa asiye na mzigo mkubwa, daladala bado ni usafiri wa busara kutoka Mkuyuni kwenda mjini, mradi atoke mapema. Mwenye mizigo mitatu au minne, mzee au mwenye watoto, teksi inamfaa, na wakigawana watu watatu au wanne gharama hushuka. Bajaji iko katikati. Bodaboda hupenya foleni, lakini haikuumbwa kubeba mtu, begi na gunia kwa pamoja usiku. Anayepanda hivyo ili kuokoa shilingi chache anaweza kuishia hospitali wakati meli inaondoka na tiketi yake.

Lipo pia suala la kukitambua chombo halali. Gari la biashara nchini lina namba nyeupe, na gari la binafsi lina namba ya njano. Gari la njano linalookoteza abiria stendi halina leseni ya kazi hiyo, na likipata ajali abiria atajikuta katika malumbano na bima.

Tiketi isiyo na jina

Hatari iliyo kubwa kuliko nauli ni ya tiketi. Wapiga debe wanaompokea msafiri njiani mara nyingine humwambia dirisha limefungwa, lakini wao wanazo nafasi. Anayenunua hapo hupoteza fedha ikiwa tiketi ni ya bandia. Ikiwa ni ya kweli lakini imekatwa kwa jina la mtu mwingine, au haina jina kabisa, anaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa jambo hili na watu wa mbali. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800 walikufa, na idadi kamili ikabaki kuwa ya kubishaniwa kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, chombo kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilikuwa kimebeba wengi mno, na waliokufa walizidi 220. Abiria anayeingizwa melini kwa mlango wa nyuma huongeza uzito wa chombo bila kuongeza jina katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu pia.

Nini kifanyike

Dawa haiko mbali. Mjini New York, teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa JFK kwenda Manhattan ina nauli moja iliyotangazwa, ambayo tangu Desemba 2022 ni dola 70, kabla ya ushuru wa barabara na bahashishi. Mgeni hahitaji kumjua mtu wala kujua njia. Kinachowezekana kwa mji wa mamilioni kinawezekana kwa Mwanza, ambako safari zinazohusika hazifiki hata kumi: Nyegezi, Nyamhongolo, uwanja wa ndege, stesheni ya reli na Mkuyuni, kila moja kwenda gati au kivuko chake.

Ubao mmoja wa bati getini na mwingine kila stendi, wenye nauli ya gari zima mchana na usiku, mzigo wa kawaida ukiwamo, ungemaliza sehemu kubwa ya ugomvi. Lakini nauli hizo zisipangwe ofisini peke yake. Somo la 2022 lipo. LATRA ilipoweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ya kampuni za teksi za mtandaoni, Uber ilisimamisha huduma yake Aprili mwaka huo, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Bei ambayo upande mmoja hauwezi kuishi nayo haidumu. Vyama vya madereva wa vijiwe vikae meza moja na LATRA, halmashauri na wenye bandari, na ubao urekebishwe mafuta yanapopanda au kushuka kwa kiasi cha maana.

Madereva waaminifu ndio watakaofaidika kwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, basi la Bukoba halingoji tena kivuko pale, na abiria anayechoshwa na usumbufu wa kufika melini ana njia nyingine. Akishahamia basi, meli imempoteza, mpagazi amempoteza, na dereva wa teksi aliyemtoza mara mbili amempoteza kwa miaka mingi.

Hadi ubao huo utakapowekwa, msafiri ana silaha zake chache. Atoke mapema, ili haraka isimpangie bei. Ataje chombo na gati kwa jina. Aulize nauli ya gari zima pamoja na mzigo, na airudie kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Awe na noti ndogo. Begi lisiingie kwenye buti kabla ya mapatano. Tiketi ikatwe dirishani, kwa jina lake mwenyewe, na stakabadhi ibaki mfukoni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha. Yote yanahitaji muda, na muda ndiyo bidhaa ambayo wauzaji wa njiani huitegemea msafiri awe ameishiwa anapofika Mkuyuni.